Mkasi Nilioupeleka Kibuta

Tangu nirudi, kila anayekanyaga kizingiti cha duka langu hapa Kwa Mathias, Kibaha, ananiuliza maswali yale yale. Fundi Maganga, ulipotelea wapi siku tano? Mbona unachechemea? Ule mkasi wako mkubwa uko wapi? Nimekuwa nikijibu huku nashona, huyu nikimpa kipande, yule kipande, na sasa nasikia huko nje vipande vimeungwa ovyo, hata kuna anayesema nilikwenda Kibuta kuoa. Mama Zena, mke wangu, hakuona la kuchekesha hapo. Basi nimeona niandike lote mwanzo hadi mwisho mlisome wenyewe, na anayetaka kunicheka anicheke kwa haki.

Mtasema, Kibuta nayo ni safari? Kweli, gari likiwa zima na barabara kavu, mtu anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi nimetoka Tabora hadi pwani kwa treni nikiwa kijana, na bado nasema sijawahi kwenda mbali kama nilivyokwenda juma lile.

Kwa Mathias

Lazima nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtu wa umri wangu aliacha duka na kazi za watu zimelala mezani.

Wengi wenu mnamkumbuka Kibwana, fundi wangu wa Kizaramo aliyekaa kwenye cherehani ya mlangoni miaka tisa. Mlikuwa mkiniletea mimi kitambaa, kisha mnamnong'oneza yeye akishone. Mkasi pia mnaukumbuka, ule wa chuma kizito niliopewa na fundi aliyenifundisha kazi. Na siku yenyewe mnaikumbuka, kwani baadhi yenu mlisimama mkatazama. Mkasi haukuonekana, na asubuhi hiyo Kibwana alikuwa ameniaga kwenda Kibuta kumwona mama yake. Nikaumwaga mfuko wake barazani mbele ya abiria wa mabasi. Shati, doti ya kanga ya mama yake, mkate. Mkasi haukuwemo. Nikasema, "Basi umeshaupitisha kwa mwenzako." Kibwana akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akaikung'uta ile kanga vumbi, akaondoka bila neno. Mwaka na nusu ukapita.

Sasa sikilizeni msilolijua. Siku moja kabla ya hapo palikuwa na msako wa wenye kuficha bidhaa. Nilikuwa na jora zima la kaki, nalikata mezani, mtu akapita mbio akisema wakaguzi wameshafika Kongowe. Kwa jinsi kitambaa kilivyokuwa adimu, jora moja lilitosha mtu kuitwa mlanguzi na kulala ndani. Nikalikunja harakaharaka, nikapanda juu ya meza, nikalisukuma darini. Wakaguzi walikuja, wakatazama rafu zangu tupu, wakanipa pole. Jora likabaki huko juu, na mimi kwa woga sikuthubutu hata kuinua macho kutazama dari.

Siku nyingi zilipopita nilijipa moyo nikaliteremsha. Nilipolikunjua, mkasi ulichomoka katikati ya kaki ukaniangukia kwenye kidole gumba cha mguu. Niliketi sakafuni nimeshika kidole, lakini kilichoniuma hakikuwa kidole. Niliona haya, hata nikawa nainamisha uso na chumbani nipo peke yangu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga safari. Mimi nililirudisha jora darini nikakaa mwezi mzima. Mara kidole hakijapona, mara kuna sare za shule, mara mvua. Mwishowe nikamwambia Mama Zena nitaandika barua.

Akaniuliza, "Kwani ulimtukana kwa barua?"

"Hapana."

"Ulimtukana wapi?"

"Mbele za watu."

"Basi," akasema, akaenda kunitafutia mfuko. Ndani yake akatia mkasi, sukari kilo mbili alizozipigania kwenye foleni, na mche wa sabuni.

Kiluvya, na yai langu

Niliondoka Jumapili asubuhi kwa pikapu ya Nassoro, ambaye hupeleka matenga ya nyanya Kisarawe kwa njia ya kukata msituni kutokea Kiluvya. Nassoro ni mtu mwema lakini magurudumu yake si mema. Gurudumu la kwanza lilipasuka kabla hatujaiacha lami, la pili lilipasuka mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala sauti, isipokuwa ya Nassoro akipiga pampu ya mkono na kuhesabu.

Nyuma, juu ya matenga, tulikuwa abiria wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa makamo, mnene, amekumbatia kapu la dagaa. Jina lake Bi Chausiku, na makwao ni Kibuta. Tulipokuwa tumekaa kivulini tukingoja gurudumu, nilitoa mayai mawili ya kuchemsha niliyofungiwa na mke wangu.

"Mwenzetu mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Tabora. Mnyamwezi."

Alinyoosha mkono akachukua yai moja kutoka kiganjani mwangu, akalimenya, akala. Nilimtazama nikidhani atasema samahani. Akachukua na la pili.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani," akasema huku anatafuna. "Wewe hata mayai mawili yamekushinda kuyabeba. Ndiyo nakusaidia, mtani."

Niliudhika kweli. Najua kwamba sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, lakini mimi nimekaa mjini miaka mingi, na utani nilikuwa nauhesabu miongoni mwa mambo ya kizamani. Nikageuza uso nikawa natazama miti.

Alipomaliza mayai yangu alianza kunisimulia habari za kwao, maana hakuwa mtu wa kununa. Kijiji chao cha ujamaa kilipewa cherehani nne, mpya, ili akina mama wafundishwe kushona. Mwaka mzima sasa zimefungiwa ghalani.

"Hakuna fundi?" nikauliza, huku nikiuvuta mfuko karibu.

"Yuko, tena hodari. Lakini mwizi. Alimwibia tajiri wake mkasi huko Kibaha, akafukuzwa mchana kweupe. Mwenyekiti wetu anasema hawezi kumkabidhi mali ya kijiji mtu wa namna hiyo. Basi fundi analima muhogo." Akafukuza nzi kwenye dagaa. "Anayeniuma mimi ni mama yake, Bi Tatu. Tangu maneno hayo yafike, haendi harusini, haendi kisimani wenzake wakiwapo. Anasema, wataniuliza nini nami niwajibu nini? Sasa anaumwa, na mimi nasema ugonjwa wenyewe ni huo."

Hapo ndipo ningesema. Mkasi ulikuwa mapajani mwangu, ndani ya mfuko, nausikia uzito wake. Nikasema, "Pole yake," basi. Bi Chausiku alinitazama kitambo, kisha akarudi kwenye habari za dagaa.

Kisarawe, na saa mbili zisizopatana

Siku hizo, mnajua wenyewe, Jumapili gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, ili kubana petroli. Tuliingia Kisarawe tukaona mgambo kasimama na kirungu chake.

"Saa nane na dakika tano," akasema.

Nassoro akaonyesha saa yake ya mkono. "Saa nane kasoro kumi, afande."

Wakasimama wakilinganisha mikono kama wachumba wanaolinganisha pete. Mgambo akasema saa yake anaitegeshea redio. Nassoro akasema ya kwake imetoka Unguja. Mwisho wakakubaliana kumtuma mtu akaitazame saa ya msikitini, na mtu huyo alikwenda kwa mwendo wa polepole wa kutosha kufanya jibu lolote lisiwe na maana. Nassoro alishusha nyanya zake hapo hapo, na kwa kuwa hapakuwa na gari la kuendelea hadi kesho yake, safari yangu ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili.

Nilipata pa kulala kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa chumvi, jamaa ya Bi Chausiku, ambaye hakuwa ananijua hata kidogo. Nilipewa bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Mimi ni mla mahindi, na bada lile lilinata vidoleni hadi Bi Chausiku akawaita wajukuu waje kumtazama Mnyamwezi anavyopigana na chakula. Walipotawanyika, mzee wa chumvi alinisogezea bakuli la maji kimyakimya nilainishe vidole.

Kutoka Kisarawe hadi Kibuta

Jumatatu alfajiri lori la kokoto lilitubeba mimi na Bi Chausiku hadi lilikoishia, na kilichobaki tukakikata kwa miguu. Njia ilipita kwenye mikorosho, ikateremka bondeni, ikapanda kwenye mashamba ya muhogo. Kidole kilikuwa kimeshang'oka ukucha, na kiatu kilikuwa kinakisaga. Nikavua kiatu kimoja. Bi Chausiku akasema hajawahi kumwona tajiri wa mguu mmoja.

Njiani nilikuwa napanga maneno. Nitabisha hodi. Nitaketi na Kibwana peke yetu. Nitamwita Mwenyekiti. Nitapiga magoti kwa Bi Tatu, mama wa watu, nimwambie aende kisimani. Nilirudia hilo la mwisho mara nyingi kuliko mengine, na lilinitia nguvu.

Tulipokaribia tulisikia vilio. Bi Chausiku alisimama, akasikiliza, kapu likamponyoka, dagaa wakamwagika. "Ni kwa Bi Tatu," akasema. Alikuwa amefariki alfajiri hiyo, sisi tukiwa juu ya kokoto.

Niliinama nikaanza kuokota dagaa mmoja mmoja, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Mwezi mzima niliukaa Kwa Mathias nikingoja kidole.

Kibuta: bafta

Uani kwa marehemu wanawake walikuwa wamejaa. Bi Chausiku alikwenda akalia na wenzake, akajifuta uso, kisha akasema kwa sauti, "Nimekuja na mtani. Mnyamwezi halisi, wa Tabora."

Hapo likatokea nililokuwa sijajiandaa nalo. Wanawake wanne walinijia. Mmoja akachukua kofia yangu, akaivaa. Mmoja akachukua kiatu nilichokuwa nimekishika. Wawili wakaushika mfuko, mmoja huku, mmoja kule, wakavuta. Nilijua watani huchokozana kwa maneno; sikukumbuka kwamba kwenye msiba mtani hunyang'anywa, na halalamiki. Nilichofikiria ni mkasi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Wezi! Wezi hawa!"

Neno hilo, jamani, katika ua ule. Kisha ajuza mmoja akacheka, na wote wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni, wakasema ndiyo, huyu ni mtani kweli, anajua kutukana. Wakafungua mfuko. Sukari ikawa ya chai ya matanga. Sabuni ikapelekwa ndani, ya kumwoshea marehemu. Ajuza akauinua mkasi juu, unang'aa.

Wakati huo huo Kibwana akatoka ndani, ameisikia sauti yangu. Amekonda. Mkono mmoja ameshika bafta nyeupe, kitambaa cha sanda ambacho mama yake alikuwa amejiwekea mwenyewe sandukuni. Mkono wa pili ameshika wembe, maana fundi yule wa miaka mingi hakuwa hata na mkasi wa kumkatia mama yake sanda.

Aliutazama mkasi mikononi mwa ajuza. Kisha akanitazama mimi. Hakuna mwingine pale aliyejua tunatazamana kwa ajili gani.

"Mkasi mzuri huu, mtani," akasema. "Umeupata wapi?"

"Ulikuwa nyumbani," nikasema. "Kwangu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Alhamdulillahi. Nilikuwa nataka kukata kwa wembe."

Aliupokea, wakamtandikia mkeka, akaikata bafta ile. Nimeuona mkono wa Kibwana ukikata vitambaa miaka tisa, na siku hiyo haukukosea hata uzi. Kisha nikapewa jembe, kwa kuwa kazi ya kuchimba kaburi ni ya mtani, na nikachimba pamoja na wengine hadi viganja vikatoka malengelenge.

Tuliporudi kutoka makaburini watu waliketi mikekani, Mwenyekiti wa kijiji kati yao, mzee mrefu mwenye ufunguo wa ghala umening'inia kwenye mkanda. Nikaona sasa ndio wakati. Nikasimama katikati.

"Ndugu zangu, Kibwana hakuiba mkasi. Ni mimi tajiri wake niliyemsingizia. Mkasi niliupoteza mwenyewe, kwa ujinga wangu."

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka hadi akajifuta macho. Mmoja akasema, "Mtani, tuambie pia ulivyomwibia simba mkia." Nikasema naapa, wakacheka zaidi. Kadiri nilivyokuwa nasema kweli ndivyo walivyoniona stadi wa utani. Kibwana peke yake hakucheka. Aliondoka mkekani akaenda nyuma ya nyumba.

Bi Chausiku alinivuta kando. "Kaa chini. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na kwa sababu hiyo hasemi kitu. Hata ukimwita Mwenyekiti mchawi hakushiki. Ngoja matanga yaanuliwe. Siku ya tatu tutakunja mikeka, utani utakwisha, utakuwa mtu kama watu wengine. Hapo useme."

"Ni kweli ninayosema, Bi Chausiku."

"Najua. Nilikuona uso wako juu ya matenga."

Shamba la muhogo

Hivyo nikakaa. Mnaniuliza siku tano nilifanya nini. Nilifanya kazi za mtani. Nilichanja kuni, nilichota maji, nilimenya muhogo pamoja na akina mama, ambao walisema maganda yangu yana nyama kuliko muhogo wenyewe. Mnaomjua Maganga wa Kwa Mathias, anayeagiza chai bila kuinuka kitini, mngelipa kuniona. Kofia yangu ilipita kichwa hadi kichwa. Siku ya pili nilianza kuwajibu, na nikagundua najua. Maneno ya bibi yangu ya Tabora yalikuwa yamelala tu humu ndani.

Jumanne hiyo Kibwana alinichukua shambani kwake kung'oa muhogo wa kuwalisha waliofiwa. Tulimaliza matuta mawili.

"Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe," akasema hatimaye. "Wewe umepewa siku ya kwanza."

Nikaona nimepata mlango. Nikaanza kumweleza yote: jora, dari, mkasi uliokunjwa ndani ya kaki. Nilipofika kwenye jora aliinua mkono kuninyamazisha.

"La jora nalijua, fundi mkubwa. Nilikuwa mlangoni kwenye cherehani. Nilikuona ukipanda mezani."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea kung'oa.

"Siku ile ulipomwaga mfuko wangu, mgambo walikuwa bado wapo stendi. Mmoja alikuwa amesimama karibu na nguzo ya baraza, anatazama. Mkasi sikujua uko wapi, Wallahi. Lakini jora nilijua. Ningenyoosha kidole juu, hivi tu."

Akanyoosha kidole kuelekea mbinguni, kidole kimejaa udongo.

"Kwa nini hukunyoosha?"

"Zena alikuwa anakuja na uji wako," akasema. "Nikaona mtoto atamkuta baba yake anafungwa kamba."

Nililia, nami sioni haya kuliandika. Nilisimama katika shamba la watu na shina la muhogo mkononi, nikalia. Kibwana aliniacha nilie. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia yamekwisha. Alikusanya muhogo akaufunga mizigo miwili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na ule mkubwa akanitwika mimi.

Kuanua matanga

Jumatano baada ya dua na chakula, wakaanza kukunja mikeka. Bi Chausiku ndiye aliyesimamia. Mkeka wa mwisho ulipoegemezwa ukutani akanitazama.

Nikasimama. Nilisema kwamba sasa mimi si mtani, ni Maganga mshonaji, nami nimekuja kusema neno. Nikasema mkasi nilioupoteza ndio huu uliokata sanda ya Bi Tatu, kwamba Kibwana hakuuchukua, kwamba nilimvunjia heshima mbele za watu na maneno yangu yakamfuata mama yake hadi kaburini. Safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake walikuwa wanautazama mkasi.

Mwenyekiti akasogea mbele. "Ndugu Maganga, umesema vizuri. Lakini mkasi si sindano. Ulikuwa wapi muda wote huo?"

Kibwana, aliyekuwa nyuma yake, akanitikisia kichwa kidogo. Alitaka niseme chini ya meza, au nyuma ya kabati, au popote pale. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa serikali na chama, na barua yake moja tu ingeleta mgambo Kwa Mathias. Nami nilikuwa na woga, tena mwingi. Lakini nilikuwa nimekiona kile kidole chenye udongo, na uongo mwingine ulikataa kutoka.

"Ulikuwa ndani ya jora la kaki," nikasema, "ambalo siku ya msako nililificha da—"

Pakasikika kishindo cha mkeka. Bi Chausiku alikuwa ameuvuta mmoja kutoka ukutani, ameutandika katikati ya ua, ameketi juu yake na miguu kainyoosha, kanga kajifunika kichwani.

"Jamani, niacheni," akasema. "Mimi sijamaliza kumlilia Bi Tatu. Matanga yangu bado."

Watu wakatazamana. Ajuza mwenye kofia yangu akaenda akaketi kando yake. Akafuata mwingine. Mwenyekiti aliutazama mkeka, akanitazama mimi, akajikuna kidevu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko njia yote ya Kiluvya.

"Matanga yakiwa bado," akasema mwishowe, "basi huyu anayezungumza habari za kaki ni nani?"

"Mtani," wakaitikia wote.

"Nami nilidhani hivyo. Jora zima darini! Mwongo sana huyu." Wakacheka, naye akacheka, na mimi nilibaki nimesimama na sentensi yangu nusu mdomoni. Walikuwa wameisikia, na walikuwa wameniachia.

Bi Chausiku alikaa hapo kwa kitambo cha kunywa kikombe cha chai. Kisha akainuka, akaukunja mkeka wake, akauegemeza ukutani. "Nimemaliza."

"La mkasi," Mwenyekiti akasema, sasa hacheki tena, "lilisemwa mikeka ikiwa imekunjwa. Hilo nimelisikia." Akaufungua ufunguo kwenye mkanda wake, akampa Kibwana mkononi.

Kibwana aliufumbata kiganjani. "Mama angekuwepo," akasema. Nilichelewa, na kuchelewa kwenyewe kulikuwa kwa mwezi mmoja niliokuwa nao mkononi.

Kurudi

Alhamisi nilimwomba Kibwana turudi wote Kwa Mathias. Nikamwambia duka liwe letu sawa kwa sawa. Alinishukuru, akasema ana cherehani nne na wanafunzi kumi na mmoja ambao hawajui hata kutia uzi. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema nimwulize mwakani. Nikaona ni jibu la haki, na mwakani nitakwenda.

Kofia nilirudishiwa, na kiatu, na mfuko ukiwa na muhogo. Mkasi haukurudi, nami sikuuliza. Nassoro alikuwa Kisarawe ananunua machungwa, akanileta hadi mlangoni bila gurudumu hata moja kupasuka, jambo ambalo yeye mwenyewe analiona la ajabu.

Jora nililiteremsha Jumamosi ya juma lile, mchana, milango imefunguliwa, nikalibeba begani hadi kwenye pikapu ya Nassoro. Limekwenda Kibuta, wanafunzi wa Kibwana walitumie kujifunzia kushona. Wiki iliyopita nimeletewa suruali ya kaki, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, na salamu za wanafunzi kwamba mguu mrefu ni wa kufunika kidole kibovu. Ninaivaa. Mmeiona, na mmecheka.

Lililobaki ni hili. Mnaponiuliza mkasi uko wapi, nawaambia anao Kibwana, na baadhi yenu mnatikisa kichwa na kusema, "Si tulikwambia tangu mwanzo?" Ninyi ndio ninaowaandikia. Mlisimama pale barazani siku nilipomwaga mfuko wake. Sikuwaiteni mje, lakini mliona, mkaenda nayo makwenu, na mimi sina namna ya kuja mlango kwa mlango. Kibwana hakuiba. Mwizi alikuwa darini. Someni, kisha mpelekeeni kila mliyemsimulia.

Na kama kuna mgambo anayesoma hapa na habari ya kaki imemwasha, asije kwangu. Aende Kibuta, amwulize Bi Chausiku kama mkeka wake siku ile ulikuwa umekunjwa.